Maiti Haulizwi Sanda

Huko Mortlake, upande wa kusini magharibi wa mji wa London, kando ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria Magdalena, yapo makaburi ya zamani ambayo mawe yake mengi yafanana: msalaba hapa, malaika pale, jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Katikati ya mawe hayo limesimama hema. Limejengwa kwa mawe ya Msitu wa Dean na marumaru ya Carrara, na kuta zake zimechongwa zikafuata mikunjo ya nguo, hata mtu aliye mbali hudhani kwamba upepo ukivuma litatikisika. Kimo chake chapata futi 18, na kila upande wake kama futi 12. Ukingoni mwa paa zimezunguka hilali na nyota, alama ambazo macho ya watu wengi huzihesabu kuwa za Kiislamu. Na juu ya mlango upo msalaba wenye sanamu ya Kristo. Ndani mna majeneza mawili, altare, taa, na kengele za ngamia zilizotundikwa ili mlango ukifunguliwa zilie. Nyuma pana ngazi ya chuma na dirisha la kioo, na mgeni apandaye ngazi hiyo huwaona waliolala.

Waliolala ni mume na mke: Richard Francis Burton, aliyefariki Trieste, bandari ya dola ya Austria wakati ule, tarehe 20 Oktoba 1890, na Isabel, aliyemfuata tarehe 22 Machi 1896. Hawakupata mtoto, kwa hiyo ukoo mzima wa nyumba hiyo ni wao wawili. Hema lilifanywa kwa mfano wa lile walilotumia katika safari zao za Sham, mume alipokuwa balozi mdogo Dameski kutoka mwaka 1869 mpaka 1871. Isabel ndiye aliyelipanga, na sehemu ya gharama ilitoka kwa watu waliochanga. Yeye alieleza kwamba mumewe alitamani walale pamoja ndani ya hema. Habari za msalaba, altare na sala hazikuwamo katika matamanio hayo. Mjane alizitia mwenyewe.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana methali isemayo kuwa maiti haulizwi sanda. Aghalabu methali hii hutumiwa kumnyamazisha mtu asiyekuwa na la kusema: aliyeshindwa hana hiari, aliyelala hana shauri. Lakini mwenye kuitazama kwa makini ataona jambo la pili. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyolea methali hiyo, gharama ya sanda na mazishi hutolewa katika mali ya marehemu mwenyewe kabla warithi hawajagawana hata senti moja. Haulizwi sanda, na walakini sanda ni yake. Amenunuliwa kwa fedha zake, na hakuna mrithi awezaye kumpokonya. Kunyamaza kwa maiti hakukufuta haki yake. Kumeihamisha tu haki hiyo kutoka ulimi wake kwenda katika dhamiri ya waliobaki. Hapo ndipo swali la Mortlake lilipo: je, yule aliyempenda marehemu kuliko watu wote amepata kwa mapenzi hayo mamlaka ya kumsemea?

Kwanza yafaa kujua ni mtu wa namna gani aliyekuwa akisemewa. Burton alizaliwa mwaka 1821, akawa askari wa Kampuni ya India ya Mashariki, msafiri, mfasiri, na mwishowe balozi mdogo. Alijifunza lugha zaidi ya ishirini. Mwaka 1853 alikwenda Makka na Madina kwa jina na mavazi yasiyokuwa yake. Mwaka 1855 aliingia Harar, mji ambao milango yake ilikuwa imefungwa kwa Wazungu. Desemba 1856 alifika Unguja, na mwezi wa Juni uliofuata yeye na John Hanning Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakashika njia ya misafara ambayo Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi walikuwa wakiipita tangu zamani. Februari 1858 walifika Ujiji na kulitazama Ziwa Tanganyika. Vitabu vya Ulaya huliita jambo hili ugunduzi. Watu wa Ujiji walioshughulika na mitumbwi yao asubuhi ile hawakujua kama wamegunduliwa.

Dini ya mtu huyu ni fumbo. Alizaliwa katika Kanisa la Kiingereza, akaoa mwanamke Mkatoliki mwaka 1861, akajiita Haji, na akadai kupokewa katika tarika ya Kisufi. Kisha mwaka 1880 alichapisha kasida ndefu, akaificha nyuma ya jina la Haji Abdu wa Yazd, ambamo dini zote hutiwa katika mizani na hakuna hata moja itokayo bila ya kupungua uzito. Mtu aliyejivika mavazi mengi namna hii hawezi kuzikwa katika vazi moja bila ya kuwako wa kunung'unika. Angezikwa Kiislamu, wako ambao wangeuliza shahada yake aliitoa kwa moyo au kwa hila ya msafiri. Angezikwa bila sala yoyote, mkewe angebaki na jeraha la maisha. Waandishi wengi wamemcheka Isabel kwa kuchanganya hilali na msalaba. Kicheko hicho ni cha haraka.

Kaole yenyewe, alikoanzia safari yake Burton, yaweza kujibu kicheko hicho. Hapo yamesimama makaburi ya kale yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe, na mfano wake waonekana pia Kunduchi, Gedi na Malindi. Katika baadhi ya nguzo hizo na makaburi hayo mafundi walipachika mabakuli na sahani za kaure zilizotoka Uchina. Waliozikwa chini yake walikuwa Waislamu. Vyombo vilivyowapamba vilitengenezwa na watu wasiokuwa na kibla. Wako wanavyuoni wasiopenda kaburi lijengwe hata shubiri moja, na hoja yao ina uzito wake. Lakini hakuna mtu wa pwani aliyetazama sahani ile ya buluu akasema kuwa marehemu amesingiziwa dini ya Kichina. Sahani yasema tu kuwa huyu alikuwa mtu wa bahari, alifikiwa na vitu vya mbali, na waliompenda walitaka jambo hilo lijulikane. Hilali ya Mortlake husema neno karibu na hilo. Na msalaba ulio juu yake husema habari za mtu wa pili, kwa kuwa nyumba ile ni ya wawili na mwenye kuijenga alijua kuwa naye atalala humo.

Palipo na mashaka zaidi ni kitandani. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1890 Burton alishikwa na maradhi ya moyo. Daktari alikuwako, na padri aliitwa akampa mpako wa mwisho. Isabel aliamini kuwa uhai ulikuwa bado haujatoka. Wengine waliamini kuwa padri alimpaka maiti. Binti wa ndugu yake Burton, Georgiana Stisted, alitoa kitabu mwaka 1896, baada ya Isabel kufa, akamshutumu vikali kwa jambo hili: kwamba alimfanya mtu huru kuwa muumini wakati ambapo hakuweza tena kutikisa kichwa. Shutuma hii ni nzito, na haifai kupuuzwa. Mtu aliyetumia miaka sabini kasoro kidogo akikataa kufungwa na kanisa lolote, akifungwa dakika ya kukata roho, amefanyiwa jambo ambalo asingelikubali akiwa na nguvu zake.

Hata hivyo lazima ipimwe hasara yenyewe. Ikiwa alikuwa amekwisha kufa, mafuta yale hayakumwondolea chochote. Maisha yake yalikuwa yamekamilika jinsi yalivyokuwa, na padri hakuweza kurudi nyuma kuyabadili. Ikiwa alikuwa hai, alikuwa na mkewe pembeni akitetemeka, naye alikuwa mtu aliyevaa nguo za wenyeji kila alikopita ili asiwachukize. Pengine, walau mara hiyo moja, vazi la mwenyeji lilikuwa la mkewe. Msiba una haki zake, na walio hai ndio wanaolia. Mjane aliyeomba mafuta ya dini yake kwa mume anayemtoka hakuwa mwizi. Mradi watu wanajua kuwa sala ile ilikuwa ya Isabel, hakuna uongo uliosimama.

Kosa lake liko mahali pengine, na jiwe la Mortlake halilionyeshi. Katika siku zake za mwisho Burton alikuwa akifasiri kitabu cha Kiarabu cha Sheikh Nafzawi wa Tunis, kitabu kinachozungumza waziwazi mambo ya unyumba baina ya mume na mke. Alikuwa amekwisha kukitoa mwaka 1886 kwa kufuata tafsiri ya Kifaransa; safari hii alikifuata Kiarabu chenyewe, akakiongezea maelezo mengi yaliyokuwa mavuno ya uchunguzi wa maisha yake. Mswada ulikaribia kwisha. Baada ya mazishi ya Trieste Isabel aliusoma peke yake, kisha akautia motoni. Habari hiyo aliitangaza mwenyewe kwa barua katika gazeti mwezi wa Juni 1891, mwezi ule ule ambao mwili wa mumewe uliingizwa katika hema la Mortlake. Alieleza kuwa alikuwa ameahidiwa zaidi ya pauni 6,000, akazikataa. Alisema kwamba wasomaji wengi wasingetafuta elimu iliyomo, wangetafuta uchafu, na kwamba hakutaka roho ya mumewe ibebe mzigo huo.

Msomaji asikimbilie kumhukumu. Kwanza, mwanamke huyu hakuwa tajiri. Serikali ilimpa pensheni ya pauni 150 kwa mwaka, na fedha aliyoikataa ilikuwa sawa na pensheni ya miaka arobaini. Burton mwenyewe alikusudia kwamba kitabu hicho kimtunze mkewe baada yake. Isabel alichoma mkate wake. Watu wengi hutoa kafara kwa mali ya wengine. Huyu alitoa kwa mali yake. Pili, na hili ndilo kubwa, mumewe alimpa ruhusa. Katika maandiko ya wasia wake alimwachia mkewe kila kitabu, karatasi na hati, zichunguzwe na yeye peke yake, na zitendwe kama aonavyo yeye, kwa kuwa alikuwa msaidizi wake kwa miaka thelathini. Kadhi wala jaji asingepata upenyo wa kumtia hatiani. Tena Burton alimjua mkewe. Alijua rozari yake, aliijua hofu yake ya jehanamu, aliijua haya yake. Aliyempa mtu kama huyo funguo za sanduku, na ndani ya sanduku mna kitabu kama kile, yaweza kusemwa kuwa aliuona moto kwa mbali.

Hoja hii ni nzuri, na ingetosha kama karatasi zile zingekuwa zawadi tu. Lakini zilikuwa amana, na amana ina tabia yake. Mtu akimwachia jirani ng'ombe wake akasema, mfanye uonavyo, jirani aweza kumkama, aweza kumhamisha malisho, aweza hata kumuuza ikiwa njaa imeingia, maana katika hayo yote mwenyewe akirudi ataona sababu na kuitambua kuwa ni yake pia. Akimchinja kwa sababu yeye jirani haipendi rangi ya ng'ombe, neno uonavyo halitamwokoa mbele ya watu wazima wa mji. Ruhusa pana haimpi mpewa macho yake mwenyewe. Humwazima macho ya aliyempa. Na macho ya Burton yalionaje mswada ule? Aliufanyia kazi mpaka nguvu zilipomwisha. Nyumba yake Trieste haikukosa moto. Kama angetaka uchomwe asingehitaji mjane.

Zaidi ya hayo, ipo tofauti baina ya kumwongezea marehemu na kumpunguzia. Isabel alipoweka msalaba juu ya mlango alimwongezea mumewe neno ambalo huenda si lake. Neno hilo lipo hadharani. Georgiana Stisted aliliona akalikanusha kwa kitabu kizima. Mgeni wa leo aweza kupanda ngazi ya chuma, akatazama altare, akaikumbuka kasida ya mwaka 1880, akatikisa kichwa. Jiwe husema, na jiwe hujibiwa. Hata kitabu alichokitoa Isabel mwaka 1893, cha majuzuu mawili juu ya maisha ya mumewe, ambamo Burton ametakaswa mno, kimekwisha kujibiwa na waandishi wengi. Lakini mswada uliochomwa haumjibu mtu, wala hakuna awezaye kuutetea au kuushutumu kwa haki. Wanaousifu husifu jivu, na wanaoulaani hulaani jivu. Isabel aliogopa kwamba watu wangemhukumu mumewe vibaya, basi akaondoa ushahidi wote, ule wa kumlaumu pamoja na ule wa kumsafisha. Tangu siku hiyo kila mtu amejiandikia Burton wake.

Naye Isabel hakuepuka kufanyiwa kama alivyofanya. Alipokufa, dada yake alizipitia hati zilizobaki na nyingine zikaenda motoni. Huyo naye alikuwa ndugu mwenye mapenzi, na bila shaka alikuwa na sababu.

Lakini ingekuwa dhuluma kumwonea huruma Burton peke yake kana kwamba yeye hakuwahi kumsemea mtu asiyeulizwa. Safari ya Ujiji haikuwa ya Wazungu wawili. Walikuwamo Said bin Salim, kiongozi wa msafara. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi huru. Mabruki, rafiki yake. Askari wa Kibaluchi na wapagazi wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya maziwa ya Afrika ya kati, na tena katika kile cha mwaka 1872 juu ya Unguja, Burton aliwapima watu wa nchi hii kwa kalamu kali: huyu mvivu, yule mwongo, kabila hili hivi, kabila lile vile. Mwaka 1863 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Anthropolojia cha London, ambacho wakuu wake walifundisha kuwa watu weusi ni duni kwa maumbile. Wapagazi hawakuulizwa. Walikuwa hai, walikuwa na ndimi, wengi wao walijua lugha mbili au tatu, na bado walivikwa sanda ya maneno iliyokatwa na mtu mmoja usiku kwa mwanga wa mshumaa. Aliyoyafanya Isabel kwa mume mmoja, kwa mapenzi, mume aliyafanya kwa watu wa nchi nzima, na aghalabu bila mapenzi.

Bombay alifariki mwaka 1885, miaka mitano kabla ya Burton. Baada ya safari ile ya kwanza alikwenda na Speke na Grant hata kwenye mto Naili, alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone, na alikwenda na Cameron kutoka pwani moja ya Afrika mpaka nyingine. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa nishani ya fedha mwaka 1876. Hakujengewa hema la marumaru. Lakini habari za kutekwa kwake alizisimulia mwenyewe, na Speke akazinakili. Na Burton, pamoja na ukali wake wote, alimwita johari ya msafara. Maneno hayo yamo katika vitabu vile vile vyenye matusi, kurasa chache tu kabla au baada yake. Havikuchomwa. Mwanafunzi wa Tabora au wa Dar es Salaam aweza kuvitoa kabatini, akasoma jinsi babu zake walivyopimwa, akashika kalamu, na kando ya mstari akaandika kwa Kiswahili kwamba hapa si kweli, na hapa ni kweli, na hapa mwandishi alikuwa na homa.